Tawi la Mchungwa Juu ya Keki

Kabla hujanunua chochote, toka nje ukauangalie mti. Kama huna mchungwa uani, nenda sokoni utafute machungwa mawili ambayo bado yana kikonyo na jani, uyaweke mezani ukae nayo robo saa. Utaona mambo ambayo picha za keki hazikuonyeshi. Chungwa la Muheza, hata likiwa limeiva na limejaa maji, mara nyingi ganda lake ni la kijani, au kijani kinachofifia kuwa manjano upande mmoja. Ile rangi kali iliyochorwa kwenye pakiti za juisi hutokea kwenye nchi ambako usiku una baridi ya kutosha kuuondoa ukijani wa ganda. Kwetu usiku ni joto, kwa hiyo tunda linaiva ndani huku nje likibaki na nguo yake ya zamani. Ukitengeneza pambo la chungwa lenye rangi moja inayong'aa, umetengeneza chungwa la kwao. La kwetu ni gumu zaidi kulichora, na ni zuri zaidi.

Mwongozo huu ni wa tawi moja tu: machungwa saba madogo ya korosho, majani ya chokoleti, kijiti cha kakao na maua meupe machache, vyote vikilala juu ya keki ya machungwa uliyooka mwenyewe. Nimeshika mti mmoja kwa makusudi. Mtu akishajua kulitazama tawi la mchungwa hadi akalitengeneza, tawi la mpera au la mkahawa halitamsumbua.

Nina sharti moja ambalo siliachi: pambo liwe chakula kwanza, ndipo liwe pambo. Niliwahi kuwa kwenye sherehe ambapo mtoto wa miaka minne alipewa ua la sukari kutoka kwenye keki, akalitia mdomoni, akalitoa likiwa na waya. Hakuumia, lakini tangu siku hiyo sichomeki waya, pini wala plastiki kwenye kitu kitakachofika mkononi mwa mtoto. Tena ua lile lilikuwa gumu kama chaki na halikuwa na ladha yoyote. Watu wazima waliyabandua yao kimya kimya wakayaweka pembeni ya sahani. Kazi ya siku mbili iliishia kwenye pipa la taka.

Jambo la usalama linatangulia, kwa sababu anayependa bustani hushawishika kuchuma kila chenye rangi. Mimea mingi mizuri ya uani ni sumu. Oleanda ni sumu kuanzia jani hadi ua. Mnanaha, mbarika na minyaa ya uzio usiviguse kwa kazi hii. Hata vinka, lile ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, lililojaa kwenye vyungu vya barazani, si la kula. Katazo hili linahusu pia jani unalotaka kulitumia kama kalibu na kulitupa baadaye, maana chokoleti itakuwa imeligusa. Na waridi la dukani, lile linalotoka kwenye mashamba makubwa ya Naivasha au Arusha, limelimwa kwa ajili ya chombo cha maua mezani. Hupuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa kuingia tumboni, na kuliosha hakutoshi. Tumia ua na jani la mti unaoujua, ambao wewe au jirani yako hamjaupulizia kitu.

Sasa korosho. Nunua zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa, kwa sababu za kukaanga zina rangi na harufu ya moshi itakayofunika kila kitu. Vipande vilivyovunjika vinauzwa rahisi kuliko korosho nzima, na kwa kuwa utavisaga, havina upungufu wowote. Pima gramu 250. Kama zilikuwa kwenye friji, ziache nje mpaka ubaridi uishe kabisa, la sivyo zitatoa jasho kwenye blenda. Saga kwa kushtua: washa, zima, tikisa, washa tena. Ukiiacha blenda iende mfululizo, korosho zinapata moto, mafuta yanatoka, na utapata siagi ya korosho, ambayo ni tamu kwenye mkate lakini haifinyangiki. Chekecha unga, na chembe zilizobaki zirudishe zikasagwe tena. Kuchekecha kunachosha, najua, lakini punje moja iliyobaki itaonekana kama chunusi kwenye ganda la chungwa lako.

Weka kwenye sufuria yenye kitako kizito sukari gramu 130 na maji vijiko vikubwa vitano. Chemsha hadi iwe shira inayonata. Chukua tone kwenye mwiko, lipoe kidogo, lishike kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha vidole taratibu. Ukiona uzi mmoja unavutika bila kukatika upesi, shira imefika. Punguza moto uwe mdogo kabisa, mimina unga wote wa korosho, na koroga bila kupumzika. Mwanzoni itakuwa kama uji mzito. Baada ya dakika tano hadi nane itaanza kuachana na kuta za sufuria na kufuata mwiko. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu wanasubiri ikaze kama ugali. Isubiri ikaze ikiwa nje ya moto. Chukua kipande kidogo, kipulize kipoe, kiviringishe: kama kinakuwa gololi bila kugandia vidoleni, epua.

Kunia humo ganda la chungwa moja, sehemu ya juu yenye rangi tu, bila ule weupe mchungu wa chini yake. Ongeza kijiko kidogo cha samli. Subiri donge liwe la vuguvugu linalovumilika, kisha likande kama unga wa chapati kwa dakika mbili au tatu mpaka liwe laini na liteleze. Likivunjikavunjika, linyunyizie nusu kijiko kidogo cha maziwa ya moto na uendelee kukanda. Likilegea, lirudishe motoni dakika moja. Ukiwahi kununua kaju katli kwenye duka la mithai wakati wa Diwali, donge hili unalijua tayari. Ni lile lile, tofauti ni kwamba hapa hatulikati vipande vya almasi. Utapata karibu gramu 400. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, maana hewa inalitia ngozi upesi.

Gawa donge mafungu mawili sawa. Fungu la kwanza ni la machungwa. La pili ligawe tena mara mbili, kipande kimoja cha tawi na kingine cha maua.

Kuhusu rangi, jikoni kuna za kutosha. Manjano ya unga, ncha ya kijiko kidogo tu, yanalipa donge lote la machungwa rangi yake. Ukizidisha, keki itanuka pilau. Bitiruti iliyokunwa na kukamuliwa, maji yake yakichemshwa hadi yabaki kijiko kimoja kizito, inaleta wekundu: matone mawili ndani ya manjano na utaona rangi ya chungwa ikizaliwa. Wengine huniuliza kuhusu mawese. Rangi yake ni nzuri mno, lakini ladha yake ina mahali pake, na mahali hapo si kwenye keki. Kijani ndicho kinachohitaji ufundi. Twanga konzi mbili za mchicha wa kijani, ukamue kwa kitambaa safi. Maji hayo yapashe kwenye moto mdogo huku ukiyatazama. Kabla hayajachemka, ukijani utajikusanya na kuachana na maji, kama maziwa yanavyokatika. Epua papo hapo, kwa sababu ukiyaacha yachemke rangi itageuka kuwa ya khaki. Chuja kwa kitambaa. Kinachobaki juu yake hakizidi kijiko kidogo, lakini kina nguvu ya kupaka shamba zima, na sehemu kubwa ya ladha ya mboga imeondoka na maji.

Rangi hizi zina tabia zake. Manjano hufifia yakikaa kwenye mwanga wa jua, kwa hiyo machungwa yako yasilale dirishani. Manjano hayo hayo yakikutana na magadi au baking soda hugeuka kuwa mekundu ya damu ya mzee. Choya, ambayo watu hupenda kuitumia kupata waridi, hufanya kinyume: kwenye ndimu inakuwa nyekundu, kwenye soda inakuwa ya samawati iliyokufa. Kwa hiyo usijaribu rangi mpya siku ya sherehe. Ijaribu siku mbili kabla, kwenye kipande kidogo cha donge au krimu ile ile utakayoitumia.

Kata donge la manjano vipande saba vya gramu 25 hivi, ziada uonje. Viringisha kila kimoja kati ya viganja hadi ufa wa mwisho upotee, kisha kibonyeze kidogo juu na chini, kwa sababu chungwa halisi si mpira. Chukua kikunio, upande wa matundu madogo kabisa ambao hutumika kukunia kungumanga, na kiviringishe hapo bila kukandamiza sana. Vishimo vya ganda vitajichora vyenyewe. Sasa rudi kwenye chungwa lako la sokoni. Uone kijani kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Gusa rangi ya mchicha kwa ncha ya kidole, ifute karibu yote kwenye kitambaa, kisha papasa kuzunguka mahali pa kikonyo na kuteremka upande mmoja. Kidole kikavu kinafanya kazi bora kuliko brashi. Machungwa mawili yafanye ya kijani zaidi, moja karibu yote manjano. Tawi ambalo matunda yake yote yanafanana halijawahi kuota popote.

Kikonyo ni karafuu. Wapishi wa Sicily, huko Italia, wanaofinyanga matunda ya lozi yanayoitwa frutta martorana kwa jina la utawa wa Martorana mjini Palermo, nao huchomeka karafuu kuwa kikonyo. Sisi wa pwani, ambako karafuu inaanikwa Unguja na Pemba majamvi kwa majamvi, tunaitumia kwenye chai na pilau na kusahau kwamba ni ua. Kila karafuu ni chipukizi la ua lililochumwa kabla halijafunguka. Iangalie vizuri: ina kijiti, ina meno manne yaliyosimama kama taji, na katikati ya taji kuna kijidonge cha mviringo. Kijidonge hicho ndicho petali zilizokunjwa. Kibandue kwa ukucha, kisha ingiza kijiti ndani ya chungwa mpaka meno manne yalale juu ya ganda kama nyota. Unapotaka kuonyesha tako la tunda badala ya kikonyo chake, toboa kitundu kidogo kwa kijiti cha meno na uache hivyo.

Kipande cha tawi kikande na vijiko viwili vidogo vya kakao. Kikiwa kikavu, loanisha viganja tu. Kisukume kiwe kama kamba nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, ukipinde kidogo, ukiparuze kwa uma ili kipate mistari ya gome. Weka vifundo viwili vitatu. Nao mchungwa una miiba, kama hukuwahi kugundua. Mwiba mmoja mdogo wa donge kwenye fundo utamfurahisha mtu mmoja tu katika sherehe nzima, na mtu huyo atakuja kukutafuta.

Majani ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mti wenyewe unakufanyia kazi. Chuma majani ya mchungwa, makubwa kwa madogo, yaoshe, yakaushe kabisa. Tone moja la maji linatosha kuifanya chokoleti ikatike na kuwa chembechembe. Yatazame kabla ya kuyapaka: mahali jani linapokutana na kijiti chake kuna kijibawa chembamba. Kwenye mdanzi kijibawa hicho ni kipana sana, kwenye mlimau karibu hakipo. Ukipaka chokoleti, usikisahau. Pasua gramu 150 za chokoleti nyeusi, yeyusha theluthi mbili kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto ambayo hayagusi bakuli, kisha toa na ukorogee theluthi iliyobaki mpaka nayo iyeyuke. Kwa njia hiyo itaganda ikiwa na mng'ao na itakatika kwa mlio. Paka upande wa chini wa jani, ule wenye mishipa iliyojitokeza, tabaka nene kidogo katikati na jembamba ukingoni, lakini usivuke ukingo. Yalaze juu ya kifimbo cha chapati ili yajikunje, uyatie kwenye friji dakika kumi na tano, kisha shika kijiti cha jani halisi na ulimenye kuanzia hapo. Linatoka taratibu, na chini yake kila mshipa umebaki. Nimejaribu jani la mpera, ambalo mishipa yake ni mizuri sana, lakini upande wake wa chini una vinyweleo laini vinavyong'ang'ania chokoleti. Mwaridi unafaa.

Chokoleti huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, na Dar es Salaam mchana wa Januari haiko mbali na hapo. Vidole vyako navyo vina joto la kutosha kuiyeyusha. Shika majani kwa karatasi, au chovya vidole kwenye maji ya barafu uvikaushe kwanza. Kama sherehe ni nje chini ya turubai, tumia chokoleti ya kupikia iliyotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao. Ladha inapungua, ila inavumilia joto na haihitaji ule ufundi wa theluthi.

Maua ya mchungwa ni madogo, petali tano nene kama nta. Chukua donge jeupe lililobaki, vipunje vitano vidogo kama punje za mtama, vibonyeze kati ya vipande viwili vya nailoni ya kufungia chakula, viunganishe kitako kwa tone la maji, na katikati uweke vijidoti vya donge la manjano. Matano yanatosha, pamoja na machipukizi mawili yaliyofunga. Kama una mwaridi wa uani na unataka petali halisi, zihifadhi pamoja na ladha na harufu yake kwa kuzifunika na sukari. Wengi hutumia ute wa yai bichi. Mimi natumia gundi ya mgunga ya daraja la chakula, ile ambayo Sudan inaongoza duniani kwa kuivuna na ambayo kaskazini mwa Kenya pia inakusanywa. Kijiko kidogo cha unga wake kiloweke kwenye kijiko kikubwa cha maji ya waridi ya kupikia hadi kiyeyuke, paka petali pande zote mbili kwa brashi laini, nyunyiza sukari nyeupe iliyosagwa kidogo, uziache kwenye karatasi ya kuokea hadi zikauke kama karatasi. Hakuna yai bichi, na harufu ya waridi inaongezeka.

Ukiwa na mgeni asiyekula korosho kwa sababu za kiafya, na lazima uwaulize wote kabla, acha donge kabisa ufanye maua ya nanasi. Nanasi la Kiwangwa lililoiva lakini bado gumu, menya, chonga macho yote, kata vipande vyembamba vya milimita mbili, vikaushe kwa kitambaa, uvitie kwenye oveni ya nyuzijoto 100 kwa saa moja na nusu hadi mbili huku ukivigeuza. Vikiwa bado vinapindika, vikandamize ndani ya vikombe vya keki ndogo vipoe vikiwa na umbo la ua. Mwenye oveni ya mkaa avitie baada ya kuoka mkate, kwa joto lile linalobaki, mlango ukiwa wazi kidogo.

Unyevu ndio adui wa kazi hii yote pwani. Sukari huvuta maji kutoka hewani, na wakati wa masika petali zilizokauka asubuhi zinaweza kulegea jioni. Machungwa ya korosho hukaa siku tatu kwenye kopo lenye mfuniko mkali. Petali na maua ya nanasi yawe na kopo lake, mbali na machungwa, yasinyonye unyevu wake. Chokoleti ikae kwenye friji, imefungwa. Keki yenyewe ipake krimu ya siagi tabaka jembamba tu, na usipange tawi juu ya krimu ya maziwa ya kupiga, maana maji yake yatayeyusha rangi. Panga saa moja kabla ya wageni: tawi kwanza, likianzia ukingoni na kuvuka katikati kidogo, kisha machungwa mawili mawili mahali linapopinda, na majani yakifuata upande mmoja kana kwamba kuna upepo. Chungwa moja liache limeanguka chini ya keki, kwenye sahani. Upande mmoja wa keki ubaki mtupu. Usirudishe keki iliyopambwa kwenye friji, kwa sababu ikitoka itatokwa jasho na kijani cha mchicha kitateremka.

Wakati wa kukata, ng'oa karafuu kabla ya kumpa mtoto chungwa lake, na mtu mzima mwambie. Zilizong'olewa zikusanye kwenye kisahani. Zina sukari na harufu ya korosho sasa, na birika la chai liko jikoni linasubiri.